Spika ni Shahidi

Imekuwa desturi katika miji yetu ya pwani kuipima heshima ya arusi kwa ukubwa wa spika zilizopangwa uwanjani. Spika zikiwa kubwa kama makabati, watu husema shughuli imefana. Zikiwa ndogo, huulizana pembeni kama mwenye shughuli alipungukiwa. Uwanjani hatuna ugomvi mkubwa na desturi hiyo, maadamu jirani mgonjwa anapata usingizi wake. Lakini sasa desturi ya uwanjani imeingia chumbani, na huko ndiko inakoharibu kazi.

Vijana wetu wengi wameanza kujitengenezea studio majumbani. Mmoja anarekodi kasida, mwengine mashairi, mwengine anampigia udi rafiki yake mwimbaji, mwengine anakusanya hadithi za wazee. Hili ni jambo la kushukuriwa. Kompyuta moja ya mkononi, maikrofoni moja na spika mbili ndogo zaweza leo kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji jengo zima na mafundi wake. Tatizo ni kwamba kijana akipata fedha zake, kitu cha kwanza anachokimbilia ni wufa kubwa, au sabufa kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, na maikrofoni huinunua kwa chenji iliyobaki.

Makala haya yanakusudia kusema kwamba mpango huo umepinduliwa miguu juu. Spika ya studio si pambo wala si starehe. Spika ya studio ni shahidi, na shahidi hatakiwi awe na sauti kubwa. Anatakiwa awe mkweli.

SAUTI ZILIZOTUPONYOKA

Msomaji asidhani kuwa twazungumzia mchezo wa vijana. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake inaswe katika santuri za HMV. Siti alifariki mwaka 1950, lakini vitukuu vya wale waliomsikia kwa masikio yao waweza kumsikia hata leo, kwa sababu safari ile ilifanywa. Mwaka huo huo wa 1950 Hugh Tracey alipita Afrika Mashariki na mitambo yake akinasa nyimbo na ngoma za watu wetu, na aliyoyanasa yamewekwa katika maktaba ya muziki ya ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Kisha kazi ikaja nyumbani. Mombasa palikuwa na Assanand na lebo yake ya Mzuri iliyotoa santuri, na palikuwa na Mbwana Radio Service, iliyorekodi tarabu za arusini na kuziuza katika kaseti. Kaseti yenyewe, iliyoletwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuwa neema kubwa kwetu. Sauti za kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin ziliingia katika kila nyumba, gari na duka la kahawa.

Lakini kaseti ina umri wake kama mwanadamu. Utepe hunyooka, hushika ukungu kwa unyevu wa pwani, na mwisho humezwa na mashine. Ni nani kati yetu asiye na sanduku la kaseti mvunguni ambazo hazisikizwi tena? Na hao niliowataja ni mashuhuri. Kazi zao zina nakala nyingi. Swali zito ni la yule bibi asiyekuwa mashuhuri, ambaye hakuimba jukwaani hata siku moja, na ambaye kichwani mwake mna tenzi na nyimbo zisizokuwa na nakala yoyote popote. Yeye akiondoka, kaburi moja hufukia watu wengi.

YALIYOTOKEA TIMAU

Nitatoa mfano ninaoujua. Mpwa wangu ni tabibu katika mji wa Timau, Kaunti ya Meru. Timau ni mji mdogo katika mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, njia itokayo Nanyuki kwenda Meru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu wake hulima ngano, shayiri na viazi, na mashamba ya maua yamewaleta wafanya kazi kutoka kila pembe ya nchi. Mtu wa Mombasa akifika huko huulizia blanketi kabla hajaulizia chai.

Mpwa wangu anakaa na bibi wa mkewe, mzaliwa wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepita miaka themanini. Bibi huyu alisoma chuoni na kwa mama yake. Anazo kifuani tenzi, nyimbo za kuongoa watoto na nyimbo za vugo, zote katika lahaja ya kwao. Alipofiwa na mumewe, mjukuu wake alimchukua, na ndivyo Kisiyu kilivyopanda mlima.

Mwaka juzi mpwa wangu aliamua kumrekodi. Akaweka maikrofoni ya bei rahisi mezani, akaiunga na kompyuta, akasikiliza kwa wufa aliyokuwa akitazamia mpira. Wufa ile ilinenepesha kila kitu. Akaisikia sauti ya Bibi nzito kupita kiasi, akapunguza besi. Wufa ile ile ilikuwa haina uwazi wa juu, kwa hivyo miisho ya maneno ilisikika imezibwa. Akaongeza sauti nyembamba. Mwisho akaridhika, akahifadhi kazi yake juu ya ile ya asili, akaituma kwa jamaa Mombasa.

Jamaa walipoifungua katika simu na redio zao walisikia sauti kavu kama karatasi, na kila penye herufi ya sin palitoka mluzi kama wa birika. Bibi aliyesoma kwa utulivu wake alisikika kama mtu anayepuliza filimbi. Rekodi ya asili haikuwako tena. Mengi aliyasoma upya, Mungu ampe afya. Lakini wimbo mmoja wa vugo, uliomjia usiku ule kwa kukumbuka arusi ya dada yake, haujamrudia mpaka leo.

Wala msomaji asimlaumu kijana. Alifanya kama alivyoelezwa na masikio yake, na masikio yake yalielezwa na shahidi wa uongo.

MSIFIAJI NA SHAHIDI

Spika ziuzwazo kwa starehe hutengenezwa zipendeze. Hunyanyua besi ili kifua kitetemeke, na pengine hunyanyua sauti nyembamba ili ala zing'are. Ni kama msifiaji wa arusini: kazi yake ni kukwambia bwana arusi ni mzuri, awe mzuri asiwe mzuri. Spika ya studio hutengenezwa ikwambie kilichomo. Sauti ikiwa mbovu, itakwambia ni mbovu, nawe utaitengeneza kabla haijatoka nje.

Wenye kazi hii duniani wamelijua jambo hilo siku nyingi. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kutumia ndani ya magari madogo ya matangazo ya nje. Wakabuni spika iitwayo LS3/5A, kisanduku chenye kimo cha futi moja tu. Hawakuitafutia kishindo, walitaka sauti ya mtu isikike kama mtu. Mpaka leo wako watu wanaoitafuta spika hiyo kama watafutavyo vito.

Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ilitoa spika ndogo yenye koni nyeupe, NS-10, iliyokusudiwa iwekwe sebuleni. Wanunuzi wa majumbani hawakuipenda sana, kwa kuwa haikusifu. Lakini mafundi wa studio wakagundua kwamba kazi ikisikika vizuri ndani ya NS-10 husikika vizuri karibu kila mahali, na mpaka ilipokoma kutengenezwa mwaka 2001 ilikuwa imekaa juu ya meza za studio kubwa za dunia. Iko pia Auratone, kijisanduku cha mraba chenye koni moja tu, kisichozidi kuonekana kuwa redio ya jikoni. Bruce Swedien, mhandisi wa sauti wa albamu ya Thriller ya Michael Jackson ya mwaka 1982, alikuwa mmoja wa walioitegemea. Sababu ni nyepesi: wasikilizaji wengi wa wimbo huusikia kwa spika ndogo, basi fundi apime kwa kipimo cha wasikilizaji.

CHUMBA NA HESABU YAKE

Wako watakaosema, "Basi tutafute spika ya studio iliyo kubwa, tupate ukweli na kishindo pamoja." Ningewakubalia kama nyumba zetu zingekuwa na kumbi. Chumba cha mpwa wangu kina mita 3 kwa mita 3 na nusu, na vyumba vyetu vya Mji wa Kale havizidi hapo sana.

Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Sauti ya besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina urefu wa karibu mita 7 kutoka wimbi hadi wimbi. Wimbi hilo halina pa kujinyoosha katika chumba cha mita 3. Hugonga ukuta likarudi, likakutana na jengine linalokuja. Hapa likavimba, hatua mbili mbele likapotea. Katika chumba cha mita 3 shida hii huanza kwenye mitetemo 57 hivi. Ukileta wufa kubwa humo, unachokisikia si kazi yako bali ni kuta zako.

Sasa tutazame tunachorekodi. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia kiasi cha mitetemo 85 kwa sekunde, ya mwanamke huanzia kiasi cha 165. Uzi mnene wa udi hushuka hadi karibu 65. Spika ya inchi 5, kama Yamaha HS5 yenye amplifaya ya wati 70 ndani yake, husema kwa uwazi kutoka kwenye mitetemo 74, na chini ya hapo hufifia polepole. Kwa mashairi, kasida na udi, hiyo yatosha. Mwenye meza finyu zaidi aweza kushuka hadi inchi 3 na nusu, kama PreSonus Eris ndogo, akajua kwamba besi atalazimika kuikagua kwa hedifoni. Sitangazi biashara ya mtu. JBL na KRK nao wana za inchi 5 zinazofanya kazi hiyo hiyo. Lililo muhimu ni kwamba amplifaya iwe ndani ya spika, ili usinunue kitu cha pili na waya za tatu.

Spika zikifika, zisibandikwe ukutani wala kutupwa pembeni, kwa kuwa kona huongeza besi ya uongo. Ziwekwe kiasi cha mita moja baina yao, nawe ukae mita moja kutoka kila moja, mfanye pembe tatu zilizo sawa. Kile kispika kidogo cha juu kielekee sikio lako. Kama meza ni fupi, vitabu viwili vinene vyatosha kuinyanyua. Kisha sikiliza kwa sauti ya mtu anayezungumza nawe, si ya mnadi. Sauti kubwa huchosha sikio, na sikio lililochoka hukubali kila kitu.

MGAWO WA SHILINGI MIA

Tuseme una shilingi mia, na kila shilingi ihesabiwe kwa maelfu kadiri ya mfuko wako. Ushauri wangu ni kuwa shilingi 30 ziende katika maikrofoni na stendi yake. 20 katika kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, ambacho vijana hukiita intafesi. 15 katika hedifoni zinazofunika sikio zima. 25 katika spika mbili ndogo. Na 10 zilizobaki katika chumba chenyewe.

Maikrofoni inatangulia kwa sababu ndiyo mlango. Kisichoingia mlangoni hakuna spika itakayokitoa. Maikrofoni ziko aina mbili kubwa. Iko ile isiyohitaji umeme wake yenyewe, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na inayoonekana mpaka leo katika majukwaa. Hiyo husikia kilicho karibu na kupuuza kilicho mbali, na yafaa katika nyumba yenye kelele. Iko ile inayohitaji volti 48 kutoka katika kisanduku. Hiyo husikia hata pumzi, na yafaa kwa sauti nyembamba ya mzee, lakini itasikia pia jogoo wa jirani. Mpwa wangu alichagua ya pili, akawa anarekodi baada ya sala ya Isha, malori yaendayo Isiolo na Moyale yanapopungua barabarani. Bibi huketi shibiri moja na nusu kutoka kwenye maikrofoni, kitambaa chembamba kikiwa katikati kuzuia pumzi.

Na wakati wa kurekodi, kikombe kisijazwe mpaka mdomoni. Sauti iliyopita kipimo cha juu huchanika, na iliyochanika haishoneki. Visanduku vya siku hizi vinarekodi kwa kina cha biti 24, kwa hivyo hakuna hasara kuacha nafasi juu.

SUFI NA SUFU

Zile shilingi kumi za chumba ndizo zenye baraka kuliko zote. Chumba kitupu chenye saruji hurudisha sauti kama kisima. Vijana wengi hubandika trei za mayai ukutani wakidhani zinazuia kelele. Hazizuii kitu, ni karatasi nyepesi, na kelele hupita kama hakuna aliyesimama mlangoni.

Kinachomeza sauti ni kitu kinene, chenye uzito na nyuzi laini. Sisi pwani tuna sufi: magodoro na mito ya zamani ambayo watu wanaitupa ili wanunue ya sponji. Simamisha magodoro mawili ya sufi nyuma ya msomaji na ubavuni, na chumba kitatulia. Watu wa Timau wana sufu: kondoo wamejaa na mablanketi mazito yamo katika kila nyumba. Mpwa wangu alijaza magunia manne kwa sufu, akayasimamisha katika kona nne, akatundika mablanketi mawili nyuma ya kiti cha Bibi. Mwangwi ukaondoka. Bibi mwenyewe alifurahi zaidi kwa sababu baridi nayo ilipungua.

Dawa ya mvua juu ya mabati, hata hivyo, sijaiona kwa fundi yeyote. Ikinyesha, kazi huahirishwa na kahawa hupikwa.

UMEME, BARIDI NA CHUMVI

Umeme wetu ni volti 240, wenye mitetemo 50 kwa sekunde, na mitetemo hiyo hupenda kuingia katika rekodi kama mngurumo wa nyuki. Hakikisha soketi ina ardhi ya kweli, si tundu la pambo. Kati ya kisanduku na spika tumia waya za nyuzi tatu badala ya mbili, maana zimetengenezwa kuufuta mngurumo huo. Mngurumo ukikataa, chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri. Mara nyingi mchawi ni chaja. Jamaa wanaoletewa vifaa kutoka Marekani wasome nyuma ya spika kabla ya kuichomeka, kwani umeme wa huko ni volti 120, na spika isiyobadilishwa itatoa moshi kabla ya kutoa sauti.

Katika baridi ya mlimani, maikrofoni iliyotoka nje isifunguliwe mara moja ndani ya chumba chenye moto. Iachwe katika mfuko wake nusu saa, isije ikashika umande. Pwani adui ni unyevu na chumvi, vinavyokula vichwa vya waya na kuota ndani ya spika. Funika vifaa usiku, na ndani ya sanduku la maikrofoni tia vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

DUKANI

Ukifika dukani, iwe Mombasa au Luthuli Avenue kule Nairobi, usiishangae namba kubwa iliyochapwa juu ya sanduku. Katika duka moja nilionyeshwa spika iliyoandikwa wati 10,000. Soketi ya ukutani ya ampia 13 katika umeme wa volti 240 haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,120. Zile nyengine zatoka wapi? Debe tupu haliachi kuvuma.

Nenda na rekodi unayoijua kama uijuavyo sauti ya mama yako, uisikilize katika spika mbili tatu kwa sauti ya chini. Sisi tuliosoma chuoni tuna kipimo chetu, wala hakuna haja ya kukiazima kwa mtu. Tulifundishwa makharij kabla hatujafundishwa maana. Tukaambiwa sin si sad, ha si kha, na mwalimu hakupita mpaka ulimi umekaa mahali pake. Chukua kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerekodi Msahafu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukisikilize kwa adabu. Spika ikikutenganishia sin na sad waziwazi, bila mluzi na bila kuzibwa, hiyo yaweza kukutenganishia na maneno ya Bibi. Isipotenganisha, hata ikitikisa paa si ya kazi hii.

Bidhaa bandia ni nyingi, na sheria ya mwaka 2008 iliunda mamlaka nzima nchini Kenya ya kupambana nazo. Dai risiti na dhamana ya maandishi. Na usione haya kununua kilichotumika kwa mtu unayemwamini. Spika nzuri iliyotunzwa huishi miaka mingi.

WANAOSEMA SIMU YATOSHA

Kuna hoja moja yenye uzito, nayo ni kwamba simu zetu zina maikrofoni nzuri, basi gharama hizi za nini? Najibu kwamba simu ya leo ni bora kuliko studio ya kesho. Kama mzee yuko mbele yako sasa na huna kingine, washa simu, iweke karibu, zima feni, rekodi. Usimwambie mzee angoje mpaka mkopo wa chama utoke.

Lakini simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe, na ukiituma rekodi kwa jamaa kwa njia za kawaida hubanwa ikapoteza uhai wake. Aliyeamua kufanya kazi hii kwa miezi na miaka apate vifaa vyake. Vidogo, lakini vyake na vya kweli.

Mpwa wangu mwisho aliuza wufa yake, akaongeza kidogo, akanunua spika mbili za inchi 5. Zilipowashwa mara ya kwanza alisikitika. Zilionekana maskini mbele ya ile aliyoizoea. Siku ya tatu alizisikia pumzi za Bibi baina ya kituo na kituo, na jinsi anavyolivuta neno la mwisho la ubeti. Alipomsikilizisha, Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu ndiye mimi. Yule wa kwanza sikumjua."

AMANA

Bibi huyo aliongeza neno ambalo ningependa kila mwenye maikrofoni alitie moyoni. Alisema, "Sauti yangu ni ya wana wangu na wajukuu wangu, si ya barazani." Mpwa wangu akaheshimu. Rekodi zile ziko katika familia na hazijatupwa hewani. Kifaa kidogo kimetupa nguvu ya kuchukua kitu cha mtu na kukitapanya ulimwenguni kwa dakika moja, na nguvu hiyo isipowekewa adabu huwa wizi. Ulizeni kwanza, na jibu la hapana liwe hapana.

Kisha hifadhini kwa mpango. Rekodi ya asili isiguswe. Matengenezo yafanywe katika nakala. Ihifadhiwe kama WAV, si MP3 peke yake. Ziwe nakala tatu, na moja ikae nyumba nyengine, mbali na moto na mafuriko ya ile ya kwanza. Mwanzoni mwa kila rekodi atajwe msomaji, mahali na tarehe, na baada yake yaandikwe maneno magumu na maana zake maadamu mwenye maneno yuko hai wa kuulizwa.

Na kwa wakubwa wetu tuna ombi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya inasimamia Ngome ya Yesu, Mombasa, na makumbusho ya Lamu. Kaunti zetu zina kumbi na maktaba. Hatuombi studio ya mamilioni. Twaomba chumba kimoja kimya katika kila mji, chenye maikrofoni mbili, kisanduku, hedifoni, spika mbili ndogo na magodoro machache ya sufi, pamoja na kijana mmoja aliyefunzwa, ili mtu yeyote aweze kumleta mzee wake akae, asome, na aondoke na sauti yake mkononi. Gharama ya usiku mmoja wa spika za arusi kubwa yaweza kukianzisha chumba hicho.

Vifaa vitapatikana leo na kesho, na kila mwaka vitakuwa vidogo na bora zaidi. Wazee hawatengenezwi upya. Nunueni vidogo, nunueni vya kweli, na muanze wiki hii.